Kitabu cha Mizani

Pikapu ilimgonga Bonareri kando ya barabara ya Litein mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na sita, ikamtupa mtaroni. Mfupa haukuvunjika, na hilo ndilo lililomponza. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha. Bega linalouma, ni nani atakayeliona?

Alifanya yote aliyoagizwa na wakili wake, Nyakundi. Alipiga ripoti polisi, akajaziwa fomu hospitalini, akatunza risiti zote. Akaenda hata kwa daktari wa kampuni ya bima, mzee mwenye kiburi aliyemwambia ainue mkono kisha akaandika kuwa amepona. Nyakundi akasema haidhuru, wangedai fidia ya maumivu na ya ile miezi miwili aliyoshindwa kuchuma chai.

Sasa walikuwa mahakamani Kericho, mwaka mzima baadaye, na wakili wa bima alikuwa amemwita Kipkorir, karani wa mizani wa shamba. Kipkorir alifungua kitabu akasoma namba ya kazi ya Bonareri, mwezi wa nne, siku kwa siku: kilo thelathini na nane, arobaini na moja, arobaini na nne. Alisoma bila kuinua macho, mnafiki yule.

Alijua vizuri kwamba aliyechuma ni Bitutu, mdogo wake Bonareri, ambaye hakuwa ameandikwa kazi, na ambaye hadi leo alimshikia siku bega lilipozidi. Kule shambani ndivyo ilivyo: mtu akiugua, ndugu yake anaingia na kikapu kwa namba yake ili isikatwe, maana namba ikikatwa nyumba ya shamba inakwenda nayo. Kipkorir mwenyewe aliletewa kuku ili afumbe macho. Hakuna aliyeuita uongo, ndiyo maana Bonareri hakumwambia Nyakundi. Hakuwaza hata siku moja kwamba kitabu cha mizani kingefika kortini.

“Mama, hizi kilo ni za nani?” wakili wa bima aliuliza, akitabasamu.

Bitutu alikuwa ameketi nyuma, amempakata Sagini, mtoto wa Bonareri. Akitajwa, kufikia Ijumaa wote wangekuwa nje na vyombo vyao. Bonareri aliwachukia watu wote waliokuwa mle ndani, na Bitutu pia, kwa kuchuma vizuri hivyo.

“Ni zangu,” akasema.

“Kwa mkono huo huo?”

“Huo huo.”

Hakimu alitupa kesi na kuamuru alipe gharama za upande wa pili. Nyakundi alikusanya faili zake akaondoka bila kumtazama.

Kipkorir aliwangoja nje, mlangoni.

“Mama Sagini, hiyo kitabu sasa inaangaliwa na manager,” alisema kwa sauti ya chini. “Kesho kuja wewe mwenyewe. Bitutu nisimuone.”

Bonareri alimtemea mate kwenye viatu. Kisha akashuka ngazi, akianza kupiga hesabu ya jinsi atakavyofikisha kilo thelathini za lazima kila siku kwa mkono mmoja.