Ukurasa wa Themanini na Saba

...themanini na saba, na mkono wangu umeganda kwenye kifuniko cha skana, wala kazi yenyewe si ngumu, unalaza tasnifu kifudifudi kwenye kioo, unafunika, unabonyeza, mwanga unapita, unageuza, kurasa mia nne kwa siku tangu waniondoe kwenye kufagia ghorofa ya pili, na sijawahi kusimama hivi, sijawahi kusoma hata moja, nani ana muda, ila hii niliona jina kwenye jalada, Peres Awuor, 2008, kwa nini akina mama wa Kinoo huchelewa kupeleka watoto zahanati, nikasema ah, yule Peres, msichana aliyekuja na mkate na daftari, akakaa kwenye mtungi niliougeuza kiti, akaniuliza polepole mpaka nikamwambia... "Mama Mukai, umefika wapi?" ni Bwana Ochola, mkuu wetu, ameziba simu kwa kiganja, "Themanini na saba," nasema, "Harakisha, Ijumaa zote zinapanda mtandaoni," na anarudi kwenye simu, kuna mhadhiri mstaafu hataki kazi yake iwekwe kwenye tovuti ya maktaba, anasema ataibiwa, "Daktari, nani ataiba? Hiyo kitu imesomwa na watu wawili, wewe na panya, na panya hakumaliza," anacheka peke yake, na kikipanda kimepanda, mtu yeyote anasoma bure, awe Kitui awe Uchina, hakuna kuuliza wewe ni nani, na aliyemwambia binti yangu Mukai habari za tovuti hiyo ni mimi, alikuwa analia na majarida ya ng'ambo, "Mathe, dola thelathini na tano, na ni kurasa nane tu," nikamwambia jaribu ya kwetu basi, sasa hatoki humo, anasoma kwenye simu akiwa amelala chumbani kwake Dagoretti Corner, mwaka wa kwanza wa unesi, na muhula huu wamepewa kuandika juu ya nimonia ya watoto, akitafuta ataandika nimonia, ataandika Kinoo kwa kuwa ni kwao, na ya kwanza kumtokea itakuwa hii.

Peres alinificha, siwezi kumsingizia, hapa mimi ni Mhojiwa wa 14, mfuaji nguo, miaka ishirini na nne, mjamzito, mtoto wa kwanza alifariki akiwa na miaka miwili, halafu maneno yangu ameyaacha kwa Kiswahili vile vile na Kiingereza chake akakiweka chini, "Nilijua amezidiwa tangu Jumatatu. Nilienda kazini. Jumanne pia, na Jumatano. Nilimpeleka Alhamisi," mafupi hivyo, sikulia siku hiyo, nilikuwa nachambua maharagwe, lakini kule mbele kwenye shukrani, baada ya Mungu na msimamizi wake, akaandika kwa moyo mweupe, asante Mama Musili wa Kinoo aliyenilisha muthokoi kila nilipokuja, sasa mtu unamfichaje chumbani halafu unamtaja mlangoni, hapa ofisini hakuna anayejua Mama Musili ni nani, mimi mwenyewe sijaitwa hivyo miaka mingapi, Mukai alipozaliwa watu walibadilisha taratibu, kwa huruma, lakini Mukai anajua, picha ya kaka yake Musili iko ukutani juu ya redio, na hadithi niliyompa si hii, nilimwambia nesi alitufukuza, alisema tumechelewa wanafunga, nilianza kumwambia baba yake pale pale kwenye benchi kabla hajaniuliza kitu, kisha nikawaambia watu wa kanisa, na Mukai akiwa darasa la tatu akauliza, nikampa hiyo hiyo, akasema basi mimi nitakuwa nesi na sitafukuza mtoto wa mtu... na hakukuwa na nesi aliyefukuza, kulikuwa na mwanamke mnene aliyemnyakua mikononi mwangu akakimbia naye ndani, kiatu kimoja cha mwanamke huyo kikabaki mlangoni, sikumrudishia.

Nikiipiga themanini na sita mara mbili, nikairuka hii, hesabu inatimia, Bwana Ochola huhesabu tu, mia moja arobaini na mbili kwenye karatasi, mia moja arobaini na mbili kwenye kompyuta, hafungui kuangalia, Peres ametia sahihi kwamba ifunguliwe kwa wote, fomu yake hii hapa, na mimi pia nilitia siku ile, alinisomea, akasema maneno yako yatawasaidia wengine, nikasema sawa kwa sababu nilitaka aondoke nianike nguo... "Daktari, wizi ni kuiacha kwenye sanduku," anasema Bwana Ochola... geuza basi, mama, geuza, lakini chini ya maneno yangu kuna jedwali, wahojiwa ishirini na wawili, sababu ya kuchelewa, umbali wawili, dawa za kienyeji wanne, hawakujua ni mgonjwa watatu, kazi kumi na tatu, nahesabu tena kwa kidole, kumi na tatu, tulichota maji bomba moja na wanawake hawa, yule wa mandazi alisema gari liliharibika njiani, dada wa ploti ya chini alisema daktari alikuwa amegoma, kila mmoja alikuwa na nesi wake, na mimi nikiwasikiliza nikiwaonea huruma, na yule mama wa Lavington niliyemfulia aliyesema ukikosa tena usirudi, pengine hakumbuki hata jina langu.

Na Mukai atavaa nguo nyeupe, wataletwa watoto siku ya Alhamisi, atawapokea vizuri, hatafukuza mtu, lakini hatajua kuuliza Jumatatu ulikuwa wapi mama, atakuwa anamtafuta nesi mbaya ambaye mimi ndiye nilimtengeneza... leo ni Jumanne, nikitoka nitapitia kwake, nitanunua parachichi mbili, nitamwambia kabla haijapanda, nitaanza na Jumatatu, nesi atakuja mwisho, na kiatu chake... "Mama Mukai?" "Themanini na saba." "Bado tu?" "Bado," nasema, nanyoosha pembe ya ukurasa isikunjane, naulaza kifudifudi, nafunika.