Sauti ya Besi Jikoni

Kabla ya kiharusi, Sitati aliimba besi kanisani, na majirani wa mtaa wa Kaptembwo walisema akianza yeye, mabati yanaitikia. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia na maneno yote. Alirudi kutoka hospitali akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na dirisha, akiangalia wapangaji wa ploti wakipita uani.

Muuguzi alimwambia mkewe, Nabalayo, apunguze chumvi na mafuta, mboga ziwe nyingi. Binti yao Lynn, anayefanya kazi Naivasha, akaleta oveni ndogo ya stima na kumfundisha mamake. Karoti, malenge, biringanya na pilipili hoho unakata vipande vinavyolingana. Unaponda kitunguu saumu, unapaka mafuta kidogo kwa mkono, unatandaza kwenye trei. Ukizirundika zinachemka badala ya kuokwa.

Jumamosi moja mchana Nabalayo alitia trei ndani ya oveni, akatoka kuanua nguo. Akiwa kwenye kamba akasikia, "Mama Lynn! Geuza mboga, zinaungua."

Nguo zilimponyoka. Hakuna mwingine mwenye sauti ile. Akakimbia ndani huku machozi yakimtoka.

"Baba Lynn! Umeongea!"

Sitati hakumwangalia. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Macho yalikuwa yameganda kwenye mlango wa jikoni, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika kiti hadi mishipa ikatokeza.

Jikoni hakukuwa na mtu. Karoti zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi upande wa chini. Nabalayo akazigeuza.

Kesho yake sauti ilirudi, kutoka pale kati ya oveni na ukuta. "Kamulia limau kidogo."

Akakamulia, akaonja. Zilikuwa tamu kweli.

"Asante," akajikuta amesema.

Hakumwambia mchungaji, hakumwambia hata Lynn. Aliogopa, lakini hamu ilizidi woga. Kwa miezi mingi alikuwa ameongea bila kujibiwa, na sasa Sitati wa zamani alimuuliza habari za watu wa nyumbani Bungoma, akamtania, akacheka kile kicheko chake cha kifuani. Ikawa anaoka mboga hata kama hakuna mwenye njaa. Mume wake alipelekewa sahani na kuachwa nayo. Malenge yalipoa mbele yake.

Alasiri moja, akikata hoho, sauti ikamuuliza kwa upole, "Mama Lynn, yule mtu uliyemketisha kwenye kiti changu ataenda lini?"

Kisu kikasimama.

"Yule ni mume wangu."

"Na mimi je?"

Joto la oveni lilimpiga usoni, lakini shingo yake ilikuwa baridi.

"Usimpe chakula tena," sauti ikasema. "Atachoka, aende."

Kupitia mlangoni alimwona Sitati. Machozi yalikuwa yakimtiririka, upande mmoja wa uso ukitetemeka na mwingine umetulia. Ndipo Nabalayo alipoelewa kwamba mume wake alikuwa akisikia kila kitu siku zote hizo, hata yeye alivyokuwa akicheka.

Akachomoa waya ukutani. Akabeba trei, akaketi sakafuni karibu na kiti, akaanza kumlisha kwa vidole. Jikoni sauti ikamwita jina lake la usichana. Kisha ikaanza wimbo walioimbiwa siku ya harusi yao, polepole, vizuri mno, na miguu yake ikataka kuinuka. Sitati akamshika kifundo cha mkono. Nabalayo akabaki pale pale, akachukua kipande kingine. Wimbo ukaendelea kufifia, kama mtu anayevuka ploti kwenda barabarani, hadi ukapotelea kwenye kelele za bodaboda.

Siku hizi anaokea mboga nje kwenye veranda, Sitati akiwa ameketi kando yake. Mvua za masika zilipoanza, alimtia malenge mdomoni, naye akakunja uso.

"Moto," akasema.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwaruza, ambayo Nabalayo hakuwahi kuisikia maishani. Akakipuliza kipande, akampa tena.