Trauti Aliyechoka Kutumwa

Usiku wa jana, mgongo wangu ukiwa umemgeukia mume wangu na wake umenigeukia mimi, niliota tuko watatu kwenye boti ya mpira tukishuka mto wa milimani: mimi mbele, mume wangu nyuma, na katikati yetu mnuno.

Mnuno ulikuwa na umbo la gunia la viazi. Ulikuwa umevaa jaketi la kuelea, tena umefunga kamba zake vizuri kuliko sisi.

Niseme kwanza mambo ya nje ya ndoto. Mume wangu, Ambilikile, hupenda kuvua trauti, wale samaki wa madoadoa wanaoishi kwenye maji baridi huko juu. Siku ya kipaimara cha mpwa wake alisimama mbele ya ndugu, majirani na mchungaji, sahani ya pilau mkononi, akatangaza kwamba ninakoroma kama mashine ya kusaga. Watu walicheka mpaka mchungaji akapaliwa. Mimi ni sauti ya pili kwenye kwaya. Heshima yangu yote iko kooni.

Tangu siku hiyo hatusemezani. Tunamtuma binti yetu.

"Tusekile, mwambie baba yako chai iko mezani."

"Tusekile, mwambie mama yako nimeiona."

Na wote watatu tumekaa meza moja.

Kwenye boti Tusekile hakuwepo. Kwa hiyo tulishuka kimya.

Mume wangu anarusha ndoano. Trauti anaivamia. Anamvuta, anamtoa ndoano mdomoni taratibu, anamweka kwenye ndoo ya maji. Samaki anatoa kichwa nje na kututazama mmoja mmoja.

"Shikamooni," anasema.

"Marahaba," nikaitikia, maana alionekana mdogo kwangu.

"Huyu wa katikati mbona haitikii?"

"Huyo haongei. Ndiyo kazi yake."

Samaki akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuona kazi za namna hiyo.

Mbele yetu kukatokea jiwe lenye ukubwa wa kanisa dogo. Aliyeliona ni mimi. Nikainamia ndoo.

"Mwambie baba Tusekile kuna jiwe."

Samaki akageuka, jambo lililomchukua muda kwa sababu ndoo ilikuwa nyembamba. "Baba Tusekile, mama Tusekile anakusalimu."

"Sikumsalimu," nikasema.

"Huo ni utangulizi tu. Anasema kuna jiwe."

"Muulize liko wapi," akasema mume wangu.

Samaki akageuka tena. "Anauliza liko..."

Tukaligonga.

Jiwe likasema pole. Boti ikazunguka kama pia, kisha mto ukatutupa kwenye kisiwa cha changarawe katikati ya maji.

"Karibuni," zikasema changarawe. Zilisema zote kwa pamoja, ila kila kijiwe kilitamka herufi moja tu, hivyo neno lilianzia miguuni kwangu likaishia miguuni kwa mume wangu. "Hapa watu hulala, hatukatai. Hema liwe mbali na maji. Moto uwe mdogo. Samaki arudishwe alikotoka. Na mlichokuja nacho, mwondoke nacho."

"Hatuna takataka," nikasema.

"Na huyo?" Zilikuwa zinautazama mnuno. "Kuna wawili walituachia wa kwao. Mpaka leo, upande ule, hakuna kijiwe kinachoongea na jirani yake."

Nikasikiliza upande ule. Kweli, kimya kitupu.

Tukasimamisha hema. Jua lilikuwa utosini, lakini hema likishasimama watu hulala, kwa hiyo tulilala, mnuno katikati. Baadaye nikafungua zipu nitazame maji yamefika wapi. Nje kulikuwa na ukumbi wa kanisa, ndugu wa mume wangu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakila pilau. Mchungaji alikuwa bado anapaliwa. Nikafunga zipu. Nilipoifungua tena, mto ulikuwa umerudi mahali pake, nikaushukuru.

"Amkeni," zikasema changarawe. "Maji yanapanda. Halafu kuna mtu humo anakoroma."

Mume wangu akaketi kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu kipaimara. "Mwambie mama Tusekile," akamwambia samaki, "mwambie, hata mawe yamesema!"

"Mnakoroma wote wawili," zikasema changarawe.

Furaha ikamtoka mume wangu usoni.

"Wote?" akauliza.

"Mmoja akivuta, mwenzake anaachia. Kama wapasua mbao, mmoja juu, mmoja shimoni. Wala hatulalamiki. Sisi tumezoea kusikia mto peke yake, leo tumeburudika. Lakini maji yanapanda."

Maji yalikuwa yamefika kwenye kamba za hema. Mume wangu, bado ameduwaa, akanyanyua ndoo ili ammwage samaki palepale.

"Ngoja," akasema samaki. "Sheria inasema nirudishwe nilikotoka. Mimi nimetoka kwa mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Chini ya maporomoko, kwenye kidimbwi chenye jiwe jeupe. Nilimwambia natoka kidogo. Jua likigusa maji kabla sijarudi, ataamini nimekaangwa. Na pale jirani kuna mmoja mwenye mapezi marefu, kila siku anamuuliza mke wangu kama nimesharudi. Anauliza kwa upole mno."

Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Jambo la jirani mpole halikuhitaji kutafsiriwa. Tukakunja hema mbiombio, tukaupakia mnuno, tukaingia botini. Safari hii nilikaa mbele lakini nikageukia nyuma, kwa sababu nilitaka kuuona vizuri uso wa mtu aliyeambiwa na mawe kwamba anakoroma.

"Safari nje..." zikasema changarawe, na maji yakazifunika kabla ya kumaliza.

Mto unakimbia. Jua linashuka upesi kuliko kawaida, kama lina miadi. Maporomoko yananguruma. Nageuza shingo na kuona mto umegawanyika njia mbili: moja ina maji laini na mazito, nyingine imejaa mawe yenye meno. Nayaona meno yenyewe, mengine yameoza.

"Mwambie baba Tusekile ashike kushoto," nikamwambia samaki.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nimechoka kutumwa. Mimi ni samaki, mama. Mtu mwenyewe huyo, magoti yenu yanagusana. Mwambie."

Akazama hadi chini ya ndoo na kukaa huko.

Nikafungua mdomo. Ulikuwa mzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Katikati yetu mnuno ulikuwa umeanza kukua. Ulishaijaza boti na sasa ulikuwa unamwegemea mume wangu kifuani, naye anajitahidi kupiga kasia akiwa amebanwa, kichwa pembeni, hanioni vizuri.

Ndipo nikakumbuka jambo la ajabu kulikumbuka mahali kama pale. Ambilikile akirudi nyumbani jioni hupiga mluzi akiwa bado njiani, ili nisishtuke mlango ukifunguliwa. Tangu kipaimara hajapiga. Na mimi kila jioni nimekuwa nikishtuka, kisha najifanya sikushtuka.

Jua likagusa ncha ya jani moja juu ya maji.

"Baba Tusekile!" nikapiga kelele kwa sauti ya pili yote niliyopewa na Mungu. "Kushoto!"

Mnuno ukaruka kama uliomwagiwa maji baridi. Ukafungua kamba za jaketi moja baada ya nyingine, ukalikunja, ukaliweka pembeni kwa adabu, kisha ukashuka mtoni kama abiria aliyefika kwake. Haukuaga. Boti ikawa nyepesi ghafla, na kwa mara ya kwanza nikamwona mume wangu mzima, kuanzia kofia mpaka magoti. Alikuwa amelowa. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana.

Anainua kasia. Anafungua mdomo.

"Kushoto kwa..."

Wimbi likamjaa mdomoni.

Boti ikapinduka. Ndoo ikapaa, na kutoka kwenye ndoo samaki akapaa juu zaidi, akameremeta, akazama mbele yangu kwenye kidimbwi chenye jiwe jeupe. Nami nikazama. Chini ya maji nikasikia sauti ya kike, ndogo, kali.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Ngoja nikueleze," akasema samaki.

"Nieleze ukiwa hapohapo. Usinisogelee."

Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa anaongea naye, na hakukuwa na mwingine katikati yao. Nikaona mambo yao yatakwenda vizuri.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shuka ilikuwa kavu, nywele zangu kavu. Nikapapasa unyayo mmoja kwa mwingine nitafute walau chembe ya mchanga, sikupata kitu. Jikoni Tusekile alikuwa anaburuta kigoda akitafuta sukari. Ndoto tu, nikajiambia, na moyo ukanishuka, maana ilibidi nianze tena kufikiria nani atamwambia baba yake kwamba chai iko tayari.

Mume wangu hakuwa amenigeuzia mgongo. Alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama dari kama mtu anayepiga hesabu iliyomshinda.

"Mama Tusekile," akasema, taratibu, bila kumtuma mtu. "Kushoto kwako au kwangu?"

Nikajaribu kukumbuka nilikuwa nimegeukia wapi.

"Kwangu," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu.

"Basi ndiyo maana tulipinduka."