Gari la Baba Halivutwi

Kaka yake Mkate alisema mbele ya mama, mdomo umejaa chai: "Siku gari la marehemu baba litakapovutwa kwa kamba, siku hiyohiyo naliuza. Nyinyi na mbuga wapi na wapi?"

Ndiyo maana sasa, gari likiwa limezama tumbo zima kwenye mchanga wa mto mkavu, Mkate hakutaka hata kuiona kamba.

Rafiki zake wawili aliokuja nao mbugani, Msusi na Nesi, walimwita Mkate kwa sababu ya kazi yake, kusambaza mikate madukani. Mguu wake umezoea hivi: njia ikiwa mbaya, punguza mwendo taratibu, mikate isibonyee. Akafanya hivyohivyo mtoni. Kufika katikati akalegeza mafuta kama amejaza makreti nyuma, kumbe nyuma kuna hema, jiko la gesi na vyombo. Gari likakaa kitako.

"Shosti," alisema Msusi kutoka kiti cha nyuma, "hapa ulikuwa unampelekea nani mkate?"

Dereva mmoja wa watalii alisimama ukingoni, akashuka na kamba begani.

"Dada zangu, mwanaume wenu mmemwacha wapi?"

"Nyumbani, anafua," alijibu Nesi.

Akacheka, akainama kufunga kamba.

"Iache hapohapo, kaka," alisema Mkate.

Nesi akamvuta pembeni. "Acha ujinga. Kaka yako hayupo, nani atamwambia?"

"Mimi si nipo? Nitamwangaliaje usoni?"

"Na tukilala hapa na simba?"

"Mchanga unatosha, tutalala wote."

Yule dereva akaegemea gari lake, akakunja mikono. "Haya, tutazame sinema."

Wakamwonyesha sinema. Msusi alipunguza upepo kwenye matairi kwa ncha ya kitana chake cha kusukia, yatanuke yasizame. Nesi alichimba kwa sufuria, kwa sababu koleo walilishusha nyumbani ili mito ya kulalia ienee. Wakatandika mikeka mbele ya magurudumu. Mkate akawasha gari, akaondoka polepole, kwa adabu. Gurudumu likazunguka palepale, likamrushia Nesi mchanga mdomoni.

Nesi akatema. "Wewe mwanamke, mikate haipo! Haipo!"

Mkate akarudi nyuma kidogo, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Jiko likagonga mlango, chupa ya chai ikapasuka, gari likaruka, likayumba, likapanda ukingo wa pili likinguruma. Hakukanyaga breki mpaka alipoona majani.

Watalii walipiga makofi. Dereva wao alikuwa anakunja kamba.

"Umefundishwa na nani?" aliuliza.

"Leo? Na hiyo kamba yako."

Juu pale simu ikashika mtandao, ikalia hapohapo. Kaka mtu.

"Mmekwama?"

"Tulikwama."

"Nani kawatoa?"

"Tumejitoa wenyewe."

"Siamini."

"Usiamini. Ufunguo ninao mimi."

"Na kesho mnarudi saa ngapi?"

Mkate aliwatazama wenzake. Msusi anakung'uta mikeka, Nesi anasukutua mdomo kwa maji ya kunywa, nywele zote nyeupe kwa vumbi.

"Kesho haturudi. Tumeongeza siku," alisema, akakata simu yeye kwanza.

"Tumeongeza lini?" aliuliza Nesi.

"Panda gari."