Nyuma ya Dative

Wagombea wetu husimama wakitazama ukuta. Ndivyo tulivyokubaliana tangu ushirika ulipoanza: anayetaka kutuongoza atugeuzie mgongo, sisi tupange mstari nyuma ya tunayemtaka, katibu ahesabu vichwa, na mgombea asigeuke mpaka watu wametawanyika. Baada ya hapo, nani alisimama wapi halizungumzwi tena. Tulitaka kila mtu achague bila kumwonea mwenzake haya, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliopendekeza utaratibu huo. Siku hizi nikiukumbuka nachoka.

Asubuhi ile, kwenye uwanja wa mwalo wetu hapa Kamembe, pale mitumbwi inapofunga, migongo ilikuwa miwili. Wa kulia ulikuwa wa Gasaro, mwenyekiti wetu kwa miaka sita, ndani ya kitenge kipya. Wa kushoto ulikuwa wa Dative, jirani yangu kwenye machanja ya kuanikia samaki, ndani ya sweta lililotoboka begani. Sote ni wanawake wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tunawanunua mitumbwi inaporudi kutoka ziwani, tunawaanika juu ya nyavu za chanja, na jua likitupenda, jioni tunawafunga magunia.

Kilichomfanya Dative agombee ni jambo moja tu, nalo ni Elikia. Elikia ni mjane. Alipasuliwa tumbo, akalala hospitali miezi miwili, na aliporudi alikuta jina lake limefutwa, chanja lake kapewa wifi wa Gasaro. Kanuni inasema asiyeonekana wiki sita si mwanachama tena, na samaki wa asiye mwanachama hawaanikwi juu ya machanja yetu. Gasaro hakuvunja kanuni yoyote, aliisoma tu, kwa sauti nzuri, na sisi tukatazama miguu yetu. Dative peke yake aliuliza kama kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya wavivu au kwa ajili ya wagonjwa. Akasema akichaguliwa, siku hiyohiyo Elikia atarudi mahali pake. Nilimshika mkono, nikamwambia kura yangu ni yake.

Basi siku ya uchaguzi, kabla hatujaitwa, Gasaro alipita kunisalimia. Aliniuliza habari za kifua changu. Akauliza habari za Benitha, binti yangu, aliyemaliza shule na sasa ana miaka miwili nyumbani akifagia ua uliokwisha fagiliwa. Akasema chumba cha barafu cha ushirika kitahitaji mtu wa kuandika, mtu mwenye mwandiko mzuri. Halafu akaenda zake. Hakunitisha, hakuniahidi, hakuniomba kitu. Ningependa sana kusema aliniomba.

Kutoka nilipokaa mpaka ukutani ni hatua ishirini hivi. Kumi za kwanza nilikuwa nakwenda kwa Dative, naapa. Niliona hata ule uzi uliochomoza kwenye sweta lake. Kisha nikajikuta upande wa kulia, kwenye mstari wa Gasaro, nyuma ya mama mmoja mnene, nikitazama shingo yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Katibu akahesabu. Gasaro thelathini na mmoja, Dative wanne. Tukapiga makofi, tukatawanyika.

Baba yangu, Mzee Habimana, alikaa ukimbizini Bukavu, ng'ambo ya mpaka, miaka thelathini na kitu. Huko, kila bariyeri ya barabarani askari alimwambia simama hapa, hapana, simama kule, toa karatasi, kaa chini, inuka. Akirudi nyumbani alikuwa akivua viatu na kutuambia neno lilelile: "Batoto, siku tutarudi kwetu, hakuna muntu atatuambia tusimame wapi." Tulirudi. Amezikwa Rwimbogo, kwenye shamba lenye jina lake. Na alisema kweli, masikini baba yangu. Siku ile hakuna aliyeniambia nisimame wapi.

Kesho yake Dative alinikuta nikigeuza samaki. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejibebea hata majibu. Akaweka beseni chini, akasema, "Asante kwa kusimama na mimi, Maman Benitha." Nikasema si kitu. Maneno mawili tu, si kitu, na yalitoka laini kabisa. Akachukua beseni lake akaendelea na kazi. Mimi nikabaki na samaki mkononi, nikifikiri kwamba Mungu amenionea huruma, kwa kuwa Dative hajui.

Wiki ile Benitha aliitwa kwenye chumba cha barafu. Alirudi nyumbani akicheka, akamvalisha mdogo wake koti jeupe walilompa, nikacheka nao. Elikia naye alikuwa ameanza kuanika samaki wake chini, kando ya barabara, juu ya magunia. Kila pikipiki ikipita, vumbi lilishuka juu yao, naye akainama na kitambaa, mkono mmoja umeshika tumbo pale kwenye mshono. Njia yangu ya nyumbani inapita hapohapo. Siku ya kwanza nilimsalimia. Siku ya pili nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Siku ya tatu nilizunguka kupitia sokoni, mlima wote ule, na goti langu hili, ili tu nisipite mahali ambapo hakuna aliyenikataza kupita. Nilipofika juu nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa hasira. Nikamkasirikia Gasaro, nikamkasirikia Dative, nikamaliza wote, nikabaki mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Dative kwenye chanja lake. Alikuwa amenipa mgongo, anatandaza wavu, na upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga mabati ya mwalo kwa kelele. Nilisimama nyuma yake, nikawa natafuta neno la kuanzia.

"Karibu, Maman Benitha," akasema bila kugeuka.

Nikamuuliza amejuaje ni mimi.

"Miaka kumi na miwili tuko hapa pamoja. Unaburuta mguu, halafu unapumua na filimbi kifuani. Nitakosaje kukujua?"

Uwanja wa mwalo siku ile ya uchaguzi ulikuwa kimya, hata upepo haukuwepo. Watu wanne nyuma yake, na yeye ana masikio haya. Alikuwa amekuja kunishukuru akijua, akaniachia nafasi ya kusema, nami nikamwambia si kitu.

"Sikuwa nyuma yako," nikasema.

Dative alivuta wavu ukakaza, akafunga fundo, akalijaribu kwa kidole. Aliponigeukia sikuona ushindi usoni mwake, wala msamaha. Niliona mwanamke aliyechoka kama mimi.

"Elikia iko barabarani," akasema. "Jua inapanda."

Nilirudi kwenye chanja langu. Sambaza wangu walikuwa wametandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaanza kuwasogeza kwa viganja, polepole, nikiwapandisha mmoja juu ya mwingine, mpaka nusu ya wavu ikabaki tupu. Jirani wa upande wa pili akaniuliza kama nimeugua. Nikamwambia bado.

Kule barabarani, Elikia hakuelewa nilipomwinamia kuchukua gunia. Aliniuliza nani kamruhusu. Nikamwambia abebe beseni, gunia nitabeba mimi, asije akafungua mshono.

Tulipoingia mwaloni, mlango wa chumba cha barafu ulikuwa wazi. Gasaro alikuwa kizingitini na daftari, na nyuma ya bega lake alisimama Benitha ndani ya koti jeupe, kalamu mkononi. Wote wawili walituona. Benitha alitikisa kichwa kidogo, mara moja tu, kama anavyofanya nyumbani anaponisihi nisiseme kitu mbele ya wageni. Kutoka pale mpaka kwenye chanja langu ni hatua ishirini hivi. Nikaweka gunia vizuri kichwani, nikaanza kuburuta mguu.