Mteja Tusiyemjua

Mume wangu Huseni anaweza kufungua injini ya Toyota akiwa amefumba macho, lakini mtihani wa sheria za barabarani umemshinda kila alipoujaribu. Maswali yanakuja kwa Kifaransa, na Kifaransa cha Huseni ni cha majina ya vipuri tu. Ndiyo sababu binti yetu Hayat alitengeneza programu ya simu, akaiita Barabara Yetu. Ndani yake kuna alama zote za barabarani na maswali ya kujipima, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na mtu yeyote anaipata bure. Neno hilo la bure ndilo lililoleta ugomvi nyumbani kwetu, hapa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura.

"Bure?" nilimwuliza. "Mi nauzaka vitenge bure?"

"Mama, mwenye kusoma halipi. Analipa mwenye tangazo."

Akanionyesha. Chini ya kila swali palikuwa na tangazo dogo. Kampuni moja ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa ikiyaleta, na msomaji akivutiwa akalibonyeza, Hayat anapata kitu kidogo. Wasomaji wakiwa wengi, vile vidogo vinajazana. Haba na haba hujaza kibaba, hilo halihitaji kompyuta kulielewa. Nilichotaka kujua mimi ni kama kibaba kitajaa kabla ya Idi.

Maana tulishapatana. Kaka yangu Atumani ana duka la simu Kigoma, na alikuwa amemwekea Hayat kiti nyuma ya meza ya mauzo. Tukasema: programu ikileta riziki kabla ya Idi, Hayat anabaki Bujumbura na kazi yake. Isipoleta, anakwenda kwa mjomba wake. Hayat alikubali kwa mdomo, lakini nilimwona akijifuta macho jikoni. "Nikikaa mu duka ya mjomba, Mama, hii nani ataitunza?" Iliniuma sana. Lakini nina watoto wengine wa kulisha, na neno lilikuwa limeshatoka.

Huseni yeye hakulia. Huseni alianza kusaidia, na Mungu atuepushe na misaada ya Huseni.

Ilikuwa Ramadhani, na mafuta yalikuwa hayapatikani. Magari yalishinda kwenye foleni za vituo, na wenyewe wakishinda ndani yake, wamefunga, simu mkononi. Kwetu mtu akiwa na harusi au msiba haombi mara mbili. Kila mmoja anatoa mchango wake hata kama jana alitoa kwingine. Basi mume wangu akaipitia ile foleni dirisha kwa dirisha, kama anayekusanya mchango wa harusi.

"Ndugu zangu, pesa siombi. Naomba kidole tu. Mufungue Barabara Yetu, mubonyeze ile tangazo. Mutoto ni wetu wote."

Nani angekataa? Kidole hakivunji saumu. Tajudini, rafiki yake anayeuza vipuri mbele ya gereji anakofanyia Huseni ufundi, akajifanya mwenyekiti wa kamati. Wakapanga zamu: hawa baada ya alasiri, wale baada ya tarawehe. Wazee wasioona vizuri walishikwa kidole wakaelekezwa. Walikuwa wakibonyeza huku wakitaja jina la Mungu, na kila mmoja akijihesabia thawabu.

Hayat hakujua lolote. Aliona tu wabonyezaji wanaongezeka, akawa anaimba anapofua. Kisha asubuhi moja akaketi kitandani na simu yake, akanisomea barua iliyotoka kwenye ile kampuni. Walisema mibonyezo haikuwa ya kweli. Wameifunga akaunti yake, na vyote vilivyokusanywa vinarudishwa kwa wenye matangazo. Mwanangu alisoma mpaka mwisho bila sauti kutetemeka, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya shuka, na machozi yakamtoka.

Huseni akaingia anatabasamu. "Bon, pesa imeshafika?"

"Baba, mulifanya nini?"

"Tulikusaidia. Kartie yote, mutaa muzima, ilikusaidia!"

Alipoelewa, alikaa chini pale pale mlangoni. Sijawahi kumwona mume wangu amenywea vile. Akataka Hayat awaandikie wale watu kwamba Waislamu wa Buyenzi si wezi, na kwamba kila kidole kilikuwa na mwenyewe. Hayat aliwaandikia kwa adabu, akaeleza kila kitu. Jibu lilikuwa lile lile la kwanza.

Sasa gereji nzima ikakasirika. Nilipopita kwenda sokoni nikawakuta wamemzunguka Tajudini, kila mtu anapiga kelele.

"Vidole ni yetu!" alisema Tajudini. "Simu ni yetu! Megabaiti tulinunua sisi wenyewe! Uongo iko wapi?"

Mimi si mtu wa kuvumilia kelele zisizo na akili. Nikaweka mzigo wangu chini.

"Tajudini, jana ulibonyeza tangazo ya nini?"

Akakuna ndevu. "Sijui. Kulikuwa mutu anatembea mu theluji. Viatu, nadhani."

"Ulinunua?"

"Ninunue viatu ya theluji, mi? Hapa Buja?"

"Basi sikiliza. Majirani wote wakikuja mu meza yangu, wakashikashika vitenge, wakaenda, juu watu waone niko na wateja, jioni nitakuwa na nini? Nitakuwa na vitenge vichafu. Yule mutu wa viatu alilipa juu mumutazame kama wanunuzi. Ninyi mulimushikia tu kitambaa."

Yule aliyekuwa akigonga chuma aliacha. Huseni alikuwa anatazama viganja vyake vyenye grisi, na nilimhurumia, lakini si sana.

Nilipokuwa nainama kuchukua mzigo wangu, macho yakaniangukia kwenye duka la Tajudini: vioo vya pembeni vimening'inia kwenye misumari, betri, taa, mikanda, vyote na vumbi lake. Nikacheka peke yangu. Watu wanaojifunza kuendesha gari Bujumbura wanaonyeshwa viatu vya theluji, na vioo vya gari viko hapa vinazeeka!

Nikarudi nyumbani mbio, soko likangoje. Mimi niliona soko kuu la Rohero, katikati ya mji, likiungua na meza yangu ikiwa ndani, na mwezi uliofuata nilikuwa nimetandika tena vitenge vyangu. Barua ya kwenye simu ingenitisha vipi?

"Hayat," nikasema, "ile nafasi chini ya swali ni ya nani?"

"Ni ya mi, Mama. Programu ni ya mi."

"Na kampuni imeenda na nafasi?"

Akaniangalia. Kisha akakaa wima.

Kumwuzia Tajudini tangazo ilikuwa kazi nyingine. "Mi tangazo ya nini?" alisema. "Kila mutu ananijua."

"Buyenzi inakujua," nilimjibu. "Gasenyi inakujua? Kamenge inakujua? Wale wa maofisi ya Rohero wanakujua?"

Akatazama vioo vyake vyenye vumbi. Nikampa sharti ambalo bahili yeyote angelipenda: asilipe hata kidogo mpaka aje mteja aliyeletwa na tangazo, na mteja huyo awe mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua. Siku hiyo ndipo atakapolipa, na kila mwezi baada ya hapo. Tulipeana mikono mbele ya gereji yote.

Hayat akafanya kazi usiku na mchana. Hakuyatupia matangazo popote tu. Penye swali la breki aliweka gereji ya baba yake. Penye swali la kioo cha pembeni aliweka vioo vya Tajudini, na picha ya duka, na jinsi ya kufika. Kisha tukatoa amri: mtu wa Buyenzi asome maswali, tangazo asiliguse. Huseni alianza kusoma mikono ikiwa nyuma, simu ameiegemeza kwenye kopo la oili, na mtu mwingine akimgeuzia kurasa.

Tukasubiri. Ramadhani ilikuwa inakwisha, na Atumani alishapiga simu kuuliza Hayat atasafiri lini.

Kisha akaja mwanamume mmoja, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, simu ameinua juu. "Nimeona tangazo," akasema kwa sauti nzito. "Natafuta Tajudini, nisiyemujua."

Tajudini akaruka kutoka kwenye kiti. Mimi nikamtazama yule mteja vizuri. Ile kofia ilikuwa ya Huseni. Niliinunua mimi mwenyewe. Nikaivua, na chini yake alikuwa Salvator, dereva wa teksi, mtu ambaye kila wiki yuko kwenye ile gereji anadai kufanyiwa punguzo.

"Baba Hayat!" nilipiga kelele mpaka mtaa wa pili wakasikia. "Utatuua na huruma yako!"

Huseni alikuwa chini ya gari, na hakutoka mpaka adhana ya magharibi.

Siku mbili tatu mbele, jua likielekea kuzama, pikipiki ilisimama mbele ya duka. Akashuka mwanamke mnene wa makamo, na msalaba mdogo shingoni na mkoba wa ofisini. Akatazama simu yake, akatazama kibao cha duka, akatazama tena simu.

"Amahoro," akasema. "Vioo vya pembeni viko hapa? Niliona mu ile aplikasyo ya kode, ya sheria ya barabara."

Tajudini alinigeukia mimi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimekuja na uji wa futari, naye akanong'ona: "Unamujua?"

"Apana. We?"

"Apana." Akamwuliza fundi wa matairi kwa macho. Fundi wa matairi akatikisa kichwa. Salvator akatikisa kichwa. Tukamgeukia Huseni, na Huseni akainua mikono yote miwili juu. "Walahi, huyu simujui! Ninaapa!"

Yule mama akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Nilielewa, mkiulizana hivyo juu ya mtu mtadhaniwa mnataka kumwibia. Nikamshika mkono.

"Madamu, karibu. Jina yako nani?"

"Daphrose."

"Unatoka wapi?"

"Gasenyi."

"Mu Buyenzi hapa unajua nani?"

"Sijui mutu. Ni mara ya kwanza kufika."

"Huseni humujui?"

"Huseni ni nani?"

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia mwanamke nisiyemjua mbele ya watu wote, nikapiga vigelegele, na wanawake wa jirani wakapokea bila kuuliza ni vya nini. Tajudini alimfutia kiti kwa shati lake mwenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na siku hiyo niliuona uponyaji kwa macho yangu.

Daphrose alitueleza, huku akicheka bila kujua anacheka nini. Alikuwa amenunua gari kuukuu kwa mwenzake wa kazini, na anasoma apate leseni. Kila jioni alikuwa anajibu maswali kwenye Barabara Yetu. Swali likamwuliza afanye nini kabla ya kubadili njia, akajibu atazame kioo cha pembeni. Jibu likawa sahihi. Akakumbuka kwamba gari lake kioo hicho halina, na chini ya swali vioo vilikuwa vimepangwa, na jina la mtaa.

"Nani alikutuma?" Huseni aliuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nasoma tu."

Akanunua kioo, tena alibishania bei na akapunguziwa kama mteja wa kweli. Huseni akapatana naye siku ya kukifunga na kumtazamia breki. Kisha Tajudini akaingiza mkono mfukoni na kumlipa Hayat, ambaye vigelegele vilimleta mbio, pale pale, bila kunung'unika, jambo ambalo sidhani Buyenzi imewahi kuliona. Hayat alizipokea pesa kwa mikono miwili. Hakulia safari hii. Alikuwa anatazama ile simu ya Daphrose kana kwamba hajawahi kuiona programu yake mwenyewe.

Kabla ya Idi walikuja wengine, na tulijifunza kuuliza kwa adabu zaidi. Kamenge ilituletea wanafunzi wawili waliotafuta taa ya pikipiki. Muuza betri akaja mwenyewe kuomba nafasi chini ya swali. Shule moja ya udereva ya Rohero ikamwita Hayat ofisini kwao, akaenda amevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, akarudi na mkataba. Nilitembea sokoni kichwa juu, na aliyeniuliza habari nilimpa yote, na asiyeniuliza pia.

Usiku wa kuandama mwezi Atumani akapiga simu. Huseni ndiye aliyeipokea, akaiweka sauti juu ili tusikie sote.

"Shemeji," alisema Huseni, amejinyoosha kama bwana harusi, "ile kiti ya Hayat umupatie mutu mwingine. Mutoto iko na kazi yake hapa."

Atumani hakushangaa. Alikuwa amesikia habari, maana Kigoma si mbali. "Basi aweke na duka yangu mule ndani," akasema. "Warundi wengi wananunua simu kwangu. Si mi ni mjomba wake? Hatanilipisha."

Huseni alishafungua mdomo kusema hakuna shida, ndugu ni ndugu. Hayat akaichukua simu mkononi mwake, taratibu, kwa heshima zote.

"Idi njema, Mjomba," akasema. "Utalipa kama wengine."