Ile Inayotoa Dakika Chache

0

TANGAZO LA NDANI

Wazamiaji sita wanaokagua bomba la kuvuta maji ya mji watapewa, kila mmoja, kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi. Zimeletwa aina mbili. Kiongozi wa wazamiaji, Milembe Shing'oma, atazijaribu ziwani Alhamisi saa nne asubuhi mbele ya Kamati ya Ununuzi, kisha atajaza fomu. Itanunuliwa aina moja tu.

Mita 0, bado gatini

Msomaji, kama hujawahi kuzamia, shika jambo moja. Kule chini, hewa unayovuta huacha gesi mwilini. Ukikaa mno kisha ukapanda, gesi hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa kwa pupa. Povu likikwama kwenye kiungo, kiungo hicho si chako tena.

Kompyuta hukwambia umebakiwa na dakika ngapi kabla ya hapo.

Mengine ni mapambo.

0, mapambo ya ile ya kwanza

rangi elfu kadhaa
mapigo ya moyo
dira
picha ya samaki anayeogelea ukiiwasha
mkanda wa kubadilisha, mwekundu au mweusi

0, mapambo ya ile ya pili

hakuna

0, kabla ya kuzama

"Dada yangu, hii ya kwanza ukiivaa hata samaki watakuamkia," alisema Bwana Shekiondo, muuzaji, aliyetoka pwani na viatu vyeupe.

"Samaki wa huku hawana adabu hiyo," alijibu Magesa, mzamiaji wa pili, akishika kamba.

Milembe hakucheka. Alivaa ya kwanza mkono wa kulia, ya pili mkono wa kushoto. Tangu awe kiongozi: miaka minne, mizamio 312, majeruhi 0. Tarakimu hizo hakuzitangaza, wala hakuzificha.

11

Ziwa ni kijani.
Halafu kahawia.
Halafu halina rangi.

Picha ya samaki haikuonekana. Alisogeza kila mkono mpaka kwenye kioo cha barakoa, akabonyeza vitufe kwa glavu nene. Vya kulia vilikuwa vidogo. Alibonyeza viwili kwa mpigo. Vya kushoto vilikuwa vikubwa, vibaya, vitiifu.

24

Kamba ina fundo kila mita. Aliyafunga mwenyewe, akayapima mara mbili. Kwenye fundo la ishirini na nne alisimama, akaandika kwenye kibao:

Kulia: mita 23.4. Dakika 27.
Kushoto: mita 24.0. Dakika 20.

Saba.

24, bado

Kosa la mita halikumtia hofu. Ya kulia ilidhani imo kwenye maji ya chumvi. Ni kosa dogo, halimuumizi mtu. Dakika ndizo zilizomshughulisha. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Huku gesi hutoka mwilini kwa pupa zaidi. Dakika za huku ni chache kuliko za Tanga, upende usipende.

Ya kushoto ilipima hewa yenyewe ilipowashwa. Ya kulia ilijiona iko Tanga.

0, gatini tena

"Ishirini na saba!" Bwana Rwechungura, mwenyekiti wa kamati, alipiga kibao kofi. "Hii ndiyo mashine. Hiyo nyingine bahili."

"Mwenyekiti, hizo saba za ziada hazipo."

"Zimeandikwa, binti yangu. Kwa mkono wako."

"Nimeandika ilichosema. Sikuandika kuwa ni kweli."

Shekiondo aliingilia. Si mtu mwongo. "Dada, ina mpangilio wa milimani. Unauchagua kwa mkono, basi."

"Betri ikibadilishwa?"

"Inarudi kwenye ule wa pwani. Unachagua upya. Nani atasahau jambo dogo hivyo?"

Magesa aliachia kamba. Akainua mkono wa kushoto, polepole, mpaka usawa wa bega. Ukagoma hapo.

"Mimi," alisema. "Kabla ya enzi za huyu kiongozi. Yangu ilikuwa ya kuazima. Ilinipa dakika nyingi sana, mzee wangu. Nilifurahi kama wewe."

5

(Kwenye mita tano mzamiaji husimama dakika tatu kabla ya kutoka, gesi ipungue. Hakuna anayezungumza. Simama.)

0, fomu

Aina iliyochaguliwa: *Ya pili.*
Sababu: *Inatoa dakika chache.*

0, saa nane mchana

Fomu ilirudi na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini:

*Kamati haiwezi kuwaeleza wakubwa kwamba imechagua mashine inayopunguza kazi. Kiongozi abadili sababu, AU aandike hapa chini jina la mtu mmoja atakayewajibika kwa kila dakika itakayopotea.*

Mstari mmoja.

Milembe alipiga hesabu: dakika saba, mara wazamiaji sita, mara kila mzamio wa mwaka. Wakitaka kumwondoa, hesabu ilitosha.

Sababu hakuigusa. Aliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa.

"Nipe kalamu," alisema Magesa.

"Mstari ni mmoja."

"Naona. Mpaka moja naweza kuhesabu."

Akaandika chini yake. Wakaja wanne waliobaki, nguo zikichuruzika maji. Wa mwisho alikosa nafasi, akaandika ubavuni mwa karatasi, jina likipanda juu kama povu.

Milembe hakuwashukuru. Alikagua majina, akasahihisha herufi moja, akaipeleka fomu mwenyewe.

Bwana Rwechungura alivaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu. Hakumkaribisha kiti. Milembe alisimama mbele ya meza, mgongo wima, akingoja afike jina la sita.